Muziki Usiohofia Mvua

Kaka yangu mkubwa alisema hakutakuwa na kelele. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Gatitu, miwani imemshuka puani, akichunga viatu vyake visiguse oili. Binti yangu alikuwa amepata mchumba, kijana wa Wang'uru, na watu wake walikuwa wameomba siku ya kuja kuleta mahari, ruracio kama tunavyoiita kwetu. Tangu baba afariki, mambo kama hayo husimamiwa na kaka.

"Watakuja, watakula, watazungumza, watarudi kwao," alisema. "Kimya kimya. Hakuna nyimbo langoni, hakuna spika kwa boma. Huyo mtoto hana baba wa kumtoa. Sasa tutakuwa tunashangilia nani?"

Nilikuwa chini ya gari, tochi mdomoni. Nikaitema.

"Mimi," nikamwambia. "Mnishangilie mimi."

Akacheka kile kicheko chake cha puani cha wazee wa kanisa. "Ushaanza," akasema, akaenda zake.

Kwetu wageni wa mahari hawaingii tu hivi hivi. Wanawake wao husimama nje ya lango na mizigo yao, wakaimba kuuliza kama hapa ndipo penye binti. Wanawake wa nyumbani hujibu kutoka ndani, wakiringa, wakitania, wakidai hili na lile, mpaka wakiridhika ndipo lango linafunguliwa. Wimbo usiojibiwa una maana moja tu: rudini mlikotoka. Kaka alitaka lango liachwe wazi, wageni waingie kama watu waliokuja kusoma mita ya maji, na binti yangu atoke kwetu kama kitu cha wizi.

Na hiyo ingekuwa mara ya pili. Mtoto akizaliwa kwetu, wanawake hupiga vigelegele, vitano vya mvulana, vitatu vya msichana, na majirani huko waliko husimamisha kazi wakahesabu. Mimi nilipotoka hospitalini Nyeri mjini na mtoto wangu, nikiwa na miaka kumi na tisa na sina mume, mama aliniambia nipitie nyuma, kwenye shamba la kahawa. Hakupiga hata kimoja. Majirani walijua nimejifungua walipoona nepi kwenye kamba. Nilikasirika siku hiyo na miaka ishirini na sita baadaye bado nimekasirika. Watu huniambia nisamehe. Nimesamehe, lakini hasira ni yangu na nitakaa nayo nikitaka.

Sasa, gari. Niko na gari moja la porini, la wazi, halina paa wala vioo vya pembeni. Lilikuwa likipandisha watalii kwenye barabara za msituni hadi likachoka, likaachwa kwenye nyasi nyuma ya karakana ya mzee aliyenifunza umeme wa magari. Alipostaafu akanipa, akasema katika wanafunzi wake wote ni mimi tu nitakayelishinda kwa kichwa kigumu. Kaka alikuwa amekataza spika ndani ya boma. Vizuri. Lakini barabara iliyo nje ya lango si ya kaka. Ningeegesha gari langu hapo kando ya ua, na lingeimba.

Shida ni kwamba siku iliyokubaliwa ilikuwa katikati ya mvua za Aprili, na gari lenyewe ni kama sufuria isiyo na kifuniko. Kwa hiyo nilitafuta spika zile za mashua, ambazo uso wake ni wa plastiki badala ya karatasi, zikilowa unazipangusa tu. Mbili nilizifunga chini ya dashibodi, mbili nyuma kwenye vyuma vinavyozunguka viti. Redio nikachagua yenye kifuniko cha mpira. Amplifaya, ambayo ndiyo inayozipa spika nguvu, sikupata ya kustahimili maji, nikaitengenezea sanduku la bati chini ya kiti cha dereva. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe najua lilikotoka.

Sebuleni kwa mama viti bado vimevaa nailoni viliyokuja nayo kutoka dukani. Rimoti iko ndani ya nailoni. Vikombe vizuri viko kabatini vikimngoja mgeni ambaye sijamwona tangu nizaliwe. Ndivyo tulivyolelewa: kitu ukikipenda, unakifunika. Basi ile amplifaya ilikuwa mpya, nikaipenda, nikaizungushia nailoni mara tatu, nikapaka silikoni kila mshono wa sanduku mpaka hata chawa asingepata pa kupenya. Nikajipongeza kabisa.

Siku ya soko nikaenda Karatina kuujaribu muziki wangu. Ningeweza kuujaribu nyumbani, lakini nilitaka watu wasikie. Ukungu ulikuwa umeshuka na manyunyu yanaanza. Nikapita upande wa viazi na kabeji muziki ukivuma, akina mama wakatingisha mabega juu ya magunia yao, nami nikanyoosha shingo. Haikufika robo saa. Muziki ukakohoa, ukakwaruza, ukanyamaza. Woi! Nilitamani ardhi inimeze na gari langu.

"Mama, hiyo redio yako imeshikwa na homa!" akapaaza sauti mwanamke mmoja wa karoti.

"Si uipeleke kwa daktari!" akadakia mwingine.

"Daktari ni mimi!" nikawajibu, na hapo ndipo walipocheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nikafungua sanduku palepale. Ndani kulikuwa na maji mengi kuliko nje. Amplifaya ikifanya kazi hupata joto, lile joto likakutana na bati baridi, likageuka jasho, na jasho halikuwa na pa kutokea. Mvua haikuwa imeingia hata tone. Yule mwanamke wa karoti alikuja kuchungulia, akaishika ile nailoni yangu iliyolowa kwa vidole viwili.

"Kwani ulikuwa unaihifadhi ama unaizika?" akaniuliza.

Nikakusanya vyombo vyangu nikarudi Gatitu bila muziki.

Amplifaya niliianika kando ya jiko kwa siku mbili, ikafufuka, Mungu si wa mmoja. Nailoni nikaitupa. Sanduku nikalitoboa matundu mawili kwa chini, pale ambapo mvua haiwezi kupanda lakini maji ya ndani yanaweza kushuka, na hewa ikapita. Kila waya nikauacha ulegee kidogo kabla ya kuingia sandukuni, ili tone likiteremka juu yake lidondoke hapo chini lisifuate waya hadi ndani. Kisha nikaongeza kipaza sauti chenye waya mrefu, wa kuvuka ua hadi uani kwetu, na kwenye waya huohuo swichi ya kuwasha na kuzima muziki, na kitufe cha kuzungusha, cha kupandisha na kushusha sauti. Muziki wa kurekodiwa unaweza kupigwa na mtu yeyote, ila wageni wakikuuliza swali, redio haijibu.

Nilipomaliza nikachukua ndoo ya maji nikamwagia gari lote, muziki ukiwa umewashwa. Mama alikuwa amekuja kusimama pale mlangoni, kitambaa kichwani, na juu ya kitambaa, nailoni.

"Wewe, utaharibu kitu nzuri!" akasema.

"Mama, hata hiyo ukiifunika sana inaharibika," nikamwambia. "Imenitokea juzi."

Muziki haukukatika. Mama akatazama maji yakidondoka chini ya sanduku, akanitazama mimi, kisha akaenda kutafutia ng'ombe majani.

Siku yenyewe mvua ilianza asubuhi na haikuwa na mpango wa kuacha. Kaka aliwaambia wake wa ndugu zangu wasitoke jikoni. Kazi yao ni chakula. Lango alikuwa ameliacha wazi. Nikaliegesha gari nje kando ya ua, nikapitisha waya, kisha nikalifunga lango mwenyewe kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani, nikasimama hapo uani na kipaza sauti changu chini ya koti.

Watu wa Wang'uru walikuja na lori lenye magunia ya mchele yaliyofunikwa turubai. Wanawake wao wakashuka na miavuli, wakaliona lango limefungwa, wakafurahi, maana walijua wamefika mahali panapojua mambo. Wakaanza kuimba. Nikawasha muziki wa gari, wakacheza kwenye matope yetu bila kujali viatu. Kisha nikauzima, kwa sababu walikuwa wamefika kwenye swali. Waliuliza kwa wimbo: hapa kuna mwenyewe, mwenye binti?

Jikoni kulisikika sufuria tu. Wakauliza tena. Mwanamke aliyekuwa mbele yao akageuka akawatazama wenzake, na wimbo ukaanza kupungua. Nilimwona binti yangu kwenye dirisha la mama, amekumbatia mikono yake mwenyewe.

Mimi sijui kuimba. Sauti yangu ni ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikaileta hivyohivyo, nikaimba kwamba mwenyewe yupo, ni mmoja lakini yupo, na ikatoka kwenye spika zote nne ikaruka juu ya miti ya kahawa. Nje wakapiga yowe la furaha. Kaka akatokea barazani, mkono mmoja sikioni.

"Zima hiyo kitu!"

"Ng'o!" nikamjibu, kipaza sauti kikiwa mdomoni, na mtaa mzima ukasikia ng'o.

Wageni walicheka mpaka miavuli ikayumba. Lakini wimbo wa langoni si wa mtu mmoja. Ubeti wa pili ukanishinda. Niliwaza zile nepi kwenye kamba, na badala ya sauti ikatoka pumzi tu, pumzi hiyo nayo ikasikika kila mahali. Wakanisubiri. Mvua ikaendelea kunyesha.

Ndipo mama alipotoka nyumbani kwake. Hakuwa na nailoni kichwani. Alikuja polepole kwenye matope, mvua ikimlowesha kitambaa, akanyoosha mkono. Nilidhani kaka amemtuma. Nilifikiria kumnyima, lakini ni mama yangu, nikampa kipaza sauti.

Akapiga kigelegele. Sijawahi kumsikia mama akipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu na chembamba, kikapanda kilimani na kurudi. Akavuta pumzi, akapiga cha pili. Akavuta pumzi tena, akapiga cha tatu. Kisha akanyamaza.

Siku ya mahari hakuna anayehesabu vigelegele. Vinapigwa mpaka watu wachoke. Vikiwa vitatu vikakoma, kila mtu wa kwetu anajua ni nini. Sufuria za jikoni zilinyamaza. Ng'ambo ya barabara jirani yetu mzee alitoka nje, akasimama kwenye mvua akiwa na jembe.

"Mama," kaka akasema kutoka barazani, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hivyo ni vya nini?"

Mama alikuwa bado ameshika kipaza sauti mdomoni. Labda alisahau. Sidhani kama alisahau.

"Ni vya mtoto wa kike," akasema, na spika zikalisema neno hilo hadi barabarani. "Nilimpitisha nyuma. Vimechelewa, lakini ni vyake."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mawifi zangu wakatoka wote, mmoja na mwiko, mmoja na unga hadi viwikoni, wakija wanaimba, na binti yangu nyuma yao hana mwavuli. Kaka akatazama wake za watu wakipita mbele yake mmoja mmoja. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Basi angalau upunguze hiyo sauti," akasema.

Kitufe cha sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakizungusha mpaka mwisho.