Kibao Shingoni mwa Binti Yangu

Kiingereza sikiheshimu, na sisemi hivi kwa sababu kimenishinda. Nilikisoma mpaka kidato cha nne, nikakifaulu, kisha nikarudi Newala kushona nguo. Lugha gani hiyo isiyojua hata kukataa? Sisi tunajua pa kushika: nataka, sitaki, nimeona, sijaona. Wao kila neno linakataa kivyake. Mwenye furaha akiikosa anabandikwa "un". Mwaminifu akigeuka mwongo anabandikwa "dis". Linalowezekana likishindikana ni "im", na la halali likiharamishwa ni "il". Asiyeweza ni "unable", lakini kule kutoweza kwenyewe ni "inability". Lipo na "inflammable", ambalo ukilikuta limeandikwa kwenye tenki la petroli usidhani petroli hiyo haiwaki. Inawaka vizuri sana. Mimi ni fundi cherehani. Ningeshona kwa utaratibu huo, mkono leo begani kesho kiunoni, wateja wangenifukuza sokoni.

Ningewaachia wenyewe lugha yao, ila binti yangu alikuwa kidato cha kwanza Masasi, anakaa bweni. Siku moja alinipigia kwa simu ya matroni, akasema anataka kurudi nyumbani, shule basi. Kulikoni? Alikuwa amesimama darasani akasema "unpossible". Alishafundishwa "unhappy", akafundishwa "unable", akatumia akili yake, na akili ndiyo iliyomponza. Mwalimu wa Kiingereza alimvika kibao cha mbao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwamba mvaaji ni mjinga.

Utaratibu wa pale ni kwamba unakivaa mpaka mwenzako akosee, ndipo unamkabidhi. Wenzake wakajiongeza. Darasa zima likafunga midomo. Hakuna aliyesema Kiingereza, kwa hiyo hakuna aliyekosea, na mwanangu akabaki na kibao chake hadi kwenye foleni ya ugali. Hiyo ndiyo shule tunayojinyima ili watoto waende. Inafundisha kuongea kwa kuwafanya watoto mabubu.

"Mama, wiki ijayo kikiwa bado kiko shingoni natoroka," aliniambia.

Namjua. Angetoroka kweli, na niliogopa.

Jumamosi ile kulikuwa na kikao cha wazazi. Niliteremka Masasi na mama yangu, aliyeziacha korosho zake juani bila hata kumwagiza jirani. Binti alitupokea getini, kibao kifuani. Alimwamkia bibi yake huku akikifunika kwa viganja vyote viwili.

Kwenye kikao nilisimama nikauliza, kwa adabu zote, kile kibao kinafundisha nini. Mwalimu, kijana wa shati lililonyooshwa vizuri, alinijibu kwa Kiingereza, mbele ya wazazi ambao wengi wao hawakielewi. Kisha akanihurumia, akatafsiri: "Ni motisha, mama." Motisha! Ng'ombe wa kulimia naye akichapwa, basi ni motisha. Nilikaa chini na hasira zangu, maana mzazi hagombani na mwalimu halafu akamwacha mtoto mikononi mwake.

Ndipo mama yangu akasimama. Mwalimu akawahi, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kwenu wapi, baba?"

"Chiungutwa."

"Myao?"

"Myao, bibi."

"Aa! Kumbe nahangaika bure, huyu mtani wangu!"

Wazazi wakaanza kucheka kabla hajafanya lolote, kwa kuwa kila mtu pale alijua kinachofuata. Sisi Wamakonde na Wayao tunataniana. Mtani anaweza kukusema vibaya msibani kwako, akakamata kuku wako akaondoka naye, na ukinuna wewe ndiye uliyejiaibisha. Mama alikwenda mlangoni waliposimama wanafunzi, akamvua binti yangu kibao, akarudi nacho mbele, akamvika mwalimu.

"Wayao kazi yenu kahawa na kanzu," alisema. "Kiingereza nani kawatuma? Kaa hivyo hivyo mpaka kikao kiishe. Ukikivua, nitakufuata mpaka kwenu Chiungutwa."

Vigelegele vilipigwa. Mwalimu aliangalia kibao, akatuangalia sisi. Mzazi angemjibu, afisa elimu angemwandikia maelezo, lakini mtani hana dawa.

"Nilijua tu," akasema mwishowe, "Wamakonde wala panya wakija mjini lazima pachafuke." Akakaa, kibao shingoni, akasikiliza habari za michango ya chakula mpaka mwisho. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Kikao kilipoisha mama alimvua, akakitia kwenye mkoba wake. Mwalimu hakukidai, maana mtani akishachukua chako huulizi. Kilifika Newala, kesho yake kikachemsha maji ya chai. Mbao yenyewe ilikuwa nzuri, kavu.

Wiki iliyofuata nikapiga simu kwa matroni. Alipokuwa akimwita binti, nilidhani ataniambia wamechonga kingine.

"Leo nimenyoosha mkono," binti akasema. "Nikasema 'unregular'."

"Halafu?"

"Mwalimu kanisahihisha. Nikakaa."

"Basi?"

"Basi, mama. Nikanyoosha tena."