Alivyomsitiri Zein

Msinikere na Ummukulthum. Wanawake wa hapa Thamesmead, London, siku hizi wanampita msikitini kama hawamjui, ilhali ndiye anayetuoshea maiti zetu za kike miaka yote, hata asante hadai. Mimi ni jirani yake, nitasema.

Nduguye, Zein, alikuwa mtu wa unga, huu wa kulevya, tangu Mombasa. Mwaka jana alishika Msahafu, mama yao akimtazama kwenye simu, akaapa hagusi tena. Kiangazi akafa peke yake kwenye flati yake kule Ilford, na joto lile, watu wasijue mpaka harufu ilipotoka mlangoni. Polisi waliondoa mwili, kisha wakampa dada mtu ufunguo.

Mama alitaka kujua jambo moja tu: mwanawe amekufa na kiapo chake, au alikivunja?

Ummukulthum alipoingia mle ndani alikuta mabuu wamejaa kwenye zulia. Haya, muosha maiti hufanya nini? Husitiri. Aibu ya maiti haitoki nje. Akamwaga maji ya moto na dawa, akasugua huku akilia, akang'oa zulia, akatupa kila kitu.

Siku chache baadaye akapigiwa simu na daktari wa wadudu anayewachunguzia polisi. Mwili ulikuwa umeoza mno, damu ya kupima haikupatikana. Lakini mabuu waliomla Zein, daktari akasema kwa upole, wamekula na kilichokuwemo mwilini mwake. Wakishiba huhama, hujificha kwenye zulia, na hata maganda yao yakipimwa, unga huonekana. Akaomba aje kuwakusanya.

Hakukuwa na cha kukusanya. Uchunguzi ukafungwa: sababu ya kifo haijulikani. Ndiyo hayo mnayomnong'onea, kwamba alifuta ushahidi. Nyinyi mlijua kama buu hupimwa?

Mama hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alisema tu, "Basi huenda alikivunja. Nitamfungia kafara ya kiapo, siku tatu."

Sasa bibi wa watu, mgonjwa wa sukari, anafunga huko Mombasa kwa kiapo ambacho huenda Zein alikitimiza mpaka pumzi ya mwisho. Na kwa kuwa hajui kilivunjwa mara ngapi, akimaliza kafara moja anaanza nyingine. Ninaumia, jamani. Kila asubuhi Ummukulthum anampigia kumsihi ale.

"Mama, kula. Zein aliacha."

"Una hakika, mwanangu?"

Ummukulthum humuuliza kama amepima sukari. Mama humuaga, akaendelea na saumu yake.