Saa ya Utingo kwenye Njia ya Kasumulu

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya mvua, kama siku nyingi za Tukuyu. Tulipakia ndizi Lufingo. Tuliibeba mikungu kutoka kule chini kwenye migomba mpaka barabarani, na nilipopanda juu ya lori kufunga turubai, nikatazama mkono wangu nikaona saa imejaa ukungu ndani ya kioo. Nilikuwa nimeinunua kwa machinga wa stendi. Ilikuwa kubwa, inang'aa, na ndani yake kulikuwa na visaa vidogo vitatu.

Dereva wa lori letu, tuliyemwita Dereva Mkubwa, aliushika mkono wangu.

"Gwe, wewe kijana, hivi visaa vidogo vinatembea?"

"Vinatembea, baba."

"Hebu tazama tena."

Nilitazama. Vilikuwa vimechorwa tu. Alicheka mpaka akakohoa, na wapakiaji wengine nao wakaja kutazama.

Ninaandika haya kwa ajili ya wanaoanza kazi ya utingo. Mimi mwenyewe bado kijana, lakini kwenye malori sirudi. Utingo ndiye msaidizi wa dereva. Anapakia, anafunga turubai, anaweka kabari nyuma ya matairi lori likisimama mlimani, analinda mzigo. Kwetu kulikuwa na kazi moja zaidi. Dereva alishika usukani, utingo akashika muda. Tajiri mwenye lori alilisema hilo siku ileile, bila hata kuniuliza jina.

Muda ulikuwa kitu kikubwa kwa sababu ya ndizi. Tulizikata Lufingo na Mpuguso zikiwa mbichi, na wanunuzi wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, walizitaka mbichi vilevile. Huku juu kuna baridi, ndizi inakaa. Ukishuka Kyela joto linaingia chini ya turubai, na lori likisimama mahali pamoja muda mrefu, ndizi zinaanza kuiva zenyewe. Ya njano haina mnunuzi kule.

Tajiri aliniahidi jambo moja. "Nifanyie kazi misimu miwili bila lawama, nitakupeleka chuo cha udereva." Mimi niliishia darasa la saba, Kinyala. Leseni ndiyo karatasi pekee niliyoweza kuitamani. Niliilalia na kuiamkia.

Dereva Mkubwa alinipeleka kwa fundi Shomari, anayetengeneza na kuuza saa kwenye baraza karibu na soko la Tukuyu. Babu yake alikuja kutoka pwani zamani, na fundi mwenyewe kazaliwa hapahapa.

"Shikamoo fundi. Nimekuletea huyu, amenunua picha ya saa," Dereva Mkubwa akasema.

"Marahaba. Mlete hapa." Fundi akaigeuza ile saa yangu, akaifungua kwa ukucha. "Umeona? Mfuniko wa kubonyeza. Nikiufungua mimi kwa ukucha, maji ya Tukuyu yatashindwa?"

Siku hiyo nilijifunza mambo ambayo nayajua mpaka leo. Saa ya safari itazamwe kwanza mgongoni. Mfuniko uwe umefungwa kwa skrubu, na ndani yake pawe na mpira mwembamba wa kuzuia maji. Ikiandikwa mita thelathini, usidhani utazama nayo ziwani. Hiyo ni ya manyunyu na kunawa mikono. Anayeosha lori na kunyeshewa juu ya mzigo achukue ya mita mia. Kamba ya ngozi inaoza kwetu, kamba ya chuma inanasa kwenye kamba za turubai. Chukua ya mpira, na uivute pale inaposhikana na saa, kwa sababu vile vipini vidogo vya pembeni ndivyo vinavyokatika kwanza.

"Na hii yenye dira?" niliuliza. Niliipenda.

"Unapotea wapi wewe? Barabara ni moja," fundi alisema. "Kila kitu unachoongeza kwenye saa ya bei ndogo, wamepunguza kingine. Mwenye safari anahitaji kengele, taa, ya kupimia muda, na saa ya nchi ya pili. Basi."

Hilo la nchi ya pili ndilo kubwa kwa njia yetu. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa nzuri inaweka nyakati mbili. Unabonyeza kitufe unaona ya kwetu, unabonyeza tena unaona ya kwao. Nilichukua ya plastiki nyeusi, ya namba, isiyovutia hata kidogo. Fundi aliipanga mbele yangu, kisha akaniambia niipange upya mwenyewe, mara tatu.

Chini ya Dereva Mkubwa saa ile ilifanya kazi kweli. Tukiteremka kwenda Kyela alisimama kupoza breki, akasema, "Bonyeza," nami nikabonyeza, na hakuna aliyepanda lori kabla muda haujatimia. Tukilala mpakani Kasumulu, kengele yangu ndiyo iliyotuamsha alfajiri. Wakala wetu wa forodha, mtu anayeshughulikia makaratasi ya mizigo, aliyakusanya mapema sana na kuondoka nayo. Ukimkosa, unasubiri mpaka siku nyingine ya kazi. Hatukumkosa hata mara moja. Msimu wa kwanza ukaisha bila lawama.

Kisha macho ya Dereva Mkubwa yakafifia, akarudi nyumbani kwake Mpuguso, na Tajiri akamleta dereva mwingine kutoka Mbeya mjini. Huyu tulimwita Dereva wa Pili. Alikuwa hodari wa usukani, hilo sitamnyima. Lakini saa yangu ilimchekesha kila siku.

"Dogo, hiyo umeiba kwa mwanafunzi?"

"Nilinunua."

"Nani siku hizi anavaa saa? Kila kitu kiko humu." Akanionyesha simu yake mpya ya kugusa. Ile ya zamani ilikuwa kitochi, simu ndogo ya vitufe, na saa yake aliipanga kwa mkono.

Safari ninayoisema ilikuwa ya Ijumaa, msimu wa pili ukielekea mwisho. Tulifika Kasumulu jioni, mzigo umejaa, ndizi nzuri kabisa. Tulipokuwa tunakula nikaona saa kwenye simu yake hailingani na yangu. Mpakani simu hunasa mtandao wa ng'ambo, na simu mpya zinajibadilisha zenyewe bila kumwambia mtu. Mimi si mtu wa kusema mbele ya wakubwa, lakini nilisema.

"Dereva, simu yako imerudi nyuma. Imeshika saa ya Malawi."

"Simu inachukua saa angani, dogo. Yako inachukua wapi? Kwa machinga?"

Mama aliyekuwa anatuuzia chakula akacheka. Nikasema tena, "Basi mimi nitaweka kengele yangu."

"Usiweke. Ile pi-pi-pi yako inanitoboa masikio. Nimeshaweka ya kwangu, kumi na moja kamili. Izime, nione."

Nikaizima, mbele yake. Nilikuwa nimebeba mikungu tangu asubuhi, na nilipojilaza juu ya mzigo, sikujua kitu tena.

Simu yake iliita kumi na moja, kumi na moja ya Malawi. Kwetu ilikuwa kumi na mbili na watu walishapiga mswaki. Tulikimbia. Wakala alikuwa ameondoka na makaratasi ya wenzetu, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Mwenyewe ni mzee wa kanisa, Jumapili hagusi kazi. Tulikaa na joto lile mpaka Jumatatu. Nilikuwa nafunua turubai, namwagia maji, nafunika, nafunua tena. Jumapili mchana niliona mkungu wa kwanza una doa la njano. Jioni sikutaka tena kufunua.

Tuliuza pale pale kwa wapita njia, kwa bei ya kutupa, tukarudi Tukuyu na lori tupu. Tajiri alitungoja uani kwake.

"Mlilala?"

"Bosi, tulichelewa kuamka," Dereva wa Pili akasema. Hakutetereka. "Mimi nina simu tu. Dogo ndiye mwenye saa, tena anatutambia kila siku kwamba inasoma nchi mbili."

Tajiri akanyoosha mkono. Nikaivua, nikampa. Aliitazama, akaenda kulinganisha na saa ya ukutani ndani, akarudi.

"Nzima hii. Haijakosea hata kidogo."

"Ndiyo, baba."

"Na kengele inalia?"

"Inalia."

"Kwa hiyo saa iliamka, wewe ukalala."

Nikasema, "Dereva aliniambia niizime." Sauti ilitoka ndogo. Dereva wa Pili akatazama matairi.

"Dereva anashika nini?" Tajiri akauliza.

"Usukani."

"Na wewe?"

Akanirudishia saa yangu kwa adabu kabisa, kama unavyomrudishia mgeni kofia yake, akaniambia nisije kesho.

Ingekuwa ni ile mbovu ya machinga, yenye picha za visaa, angesema nimeharibikiwa, angenikaripia na kunisamehe. Niliponzwa na ubora wa saa niliyoichagua vizuri. Ndicho ninachokitafuna mpaka leo nikiwa nachuma majani ya chai ya jirani kwa kibarua. Dereva Mkubwa aliposikia alitoka Mpuguso na fimbo yake, akasema, "Nitakwenda kwa Tajiri, atanisikia." Alikwenda kweli. Aliporudi alisema walimpa chai na mkate, wakazungumza habari za mvua, na kwamba Tajiri ni mtu mwema. Nikamwambia ndaga, asante, baba. Yule wa Pili bado yuko na lori lilelile. Akipita barabara ya juu hupiga honi, na utingo wake mpya hunipungia. Mkono wake hauna saa.

Sipendi kuwadanganya mnaoanza kazi. Niliyoyasema kuhusu mfuniko, kamba na kengele ni kweli, na saa yangu bado inatembea. Lakini hakuna aliyenifundisha kwamba ukiwa mdogo kazini, kitu chako kizuri kinageuka kuwa kazi yako, na kosa la kila mtu linakitafuta hicho kwanza.

Juzi Tusajigwe, binti wa jirani yetu hapa Kinyala, alikuja kuniuliza. Amepata kazi ya ukonda kwenye basi la kwenda mpakani, anaanza wiki ijayo.

"Kaka, wanasema wewe unajua saa. Ninunue ipi, isiyo ya bei kubwa?"

Nilimweleza yote, kama fundi Shomari alivyonieleza. Skrubu, mpira wa kuzuia maji, mita mia, nyakati mbili. Alisikiliza vizuri, akarudia kwa mdomo wake, na hakukosea. Aliponyanyuka kuondoka nikamwita.

"Una koti la mikono mirefu?"

"Ninalo. Kwa nini, kaka?"

"Livae kila siku, hata Kyela kwenye joto. Saa iwe chini ya mkono wa koti. Itazame peke yako, na wakikuuliza saa ngapi, waambie waangalie simu zao."