Siku Boksi la Zege Lilipopasuka

Harufu ya saruji mbichi siipendi, nawaambieni ukweli. Nikiisikia tu, namwona mama yangu ana karai kichwani, anaimba.

Kijijini kwetu Magamba, miaka ile ya hamsini, nyumba tulizijua za miti na udongo. Siku ya kukandika wanawake walikuja wote na nyimbo zao, na ukuta sharti uishe siku hiyohiyo, ndipo pombe inywewe. Basi tulipoanza kujenga tangi la maji la zege, la kwanza kijijini, tulidhani ni yaleyale.

Baba yangu, seremala, ndiye aliyefunga boksi la mbao la kumwagia zege, refu kupita kimo cha mtu. Tangi likisimama vizuri angepewa paa la kanisa jipya, na kazi hiyo aliitamani mpaka usingizi ukampaa.

"Likifika magotini, pumzikeni kwanza lishike," alisema.

Mama akacheka. "Baba Vero, we shika nyundo yako. Tukipumzika, nani atapika?"

Akaanzisha wimbo. Jamani, mama yangu alijua kuimba! Makarai ya wanawake yakapanda mbiombio, nami na ndoo yangu ya maji nyuma yao. Baba aliwaomba tena na tena, vigelegele vikammeza. Boksi lilikaribia kujaa nilipoona mbao za chini zimevimba, maji ya kijivu yanachuruzika. Baba akapiga kelele tukimbie. Zikapasuka palepale chini, pwaa, zege lote likatandaa. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe.

Watu wakasema seremala kaweka mbao mbovu. Mzee wa kanisa alipouliza, baba akajibu mbele ya wote, "Nimekosea mimi. Misumari haikutosha." Paa akapewa fundi wa Sitalike.

Nilikuwa na wajukuu tayari nilipojenga nyumba yangu Ilembo. Nikawahimiza vijana wajaze nguzo upesi, fundi akanizuia.

"Bibi, zege bichi ni kama uji. Ukilijaza haraka, uzito wote unasukuma mbao za chini. Ukilipa muda, la chini linashika, halisukumi tena."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikalia mpaka vijana wakaogopa.

Kumbe baba alijua. Angesema tu kwamba wanawake hawakumsikia, paa lingekuwa lake. Lakini lawama ingemwangukia mama, aliyeongoza wimbo. Alikufa bila kulisema neno hilo, nami nilimzika nikiamini kuwa alikuwa fundi wa kubabaisha.