Mchungaji Mwenye Kalamu ya Wanja

Tiya Consorcia, na tiya kwetu ni mama mkubwa au shangazi, alinyoa nyusi zake akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka aliochaguliwa malkia wa maandamano ya Bikira Maria ya mwezi wa Mei, na nyusi zikakataa kuota tena. Kwa miaka sitini akawa anajichorea mwenyewe kwa wanja kila asubuhi, na hakuna mtu mjini kwetu aliyethubutu kulisema jambo hilo kwa sauti. Nalisema mimi, Nening, muuza uji wa kuku mbele ya lango la kanisa la Kikatoliki, kwa sababu bila nyusi hizo nisingekuwa na habari ya kuwapa kuhusu Mchungaji Terio.

Terio ni mtoto wa dada mdogo wa Tiya, aliyekwisha fariki. Ana kanisa lisilo na mnara wala kengele, ghorofani, juu ya saluni yake. Anaishi na mwanamume mwenzake, na mji mzima unajua, mpaka kuku wangu wanajua. Ni shoga, tena ni shoga yangu. Neno moja, maana mbili, na zote mbili nazitamka bila kupepesa macho. Huyo mwenzake ni dereva wa bajaji, jina lake Crisanto, ila sote tunamwita Santo, yaani mtakatifu. Siku moja nikamchokoza Terio: "Nyie walokole si mlisema hamtaki watakatifu?"

"Huyu hatumsujudii, dada," akasema. "Huyu anaosha vyombo."

Msidhani ni malaika. Mahubiri yake ni marefu, anajipulizia manukato mpaka macho yanawasha, na akianza kuimba naomba Mungu amjalie kikohozi. Lakini baba yangu alipofariki, na sisi Wakatoliki wa tangu na tangu, ni Terio aliyekuja na wembe na bakuli la maji. Alimnyoa mzee ndevu huku akimwomba radhi kila wembe ulipokwama. "Samahani, baba. Vumilia kidogo, tunamalizia hapa kidevuni." Nililia na nikacheka kwa pamoja, na sijamsahau kwa hilo. Jumatatu hupanda bajaji ya Santo kwenda gerezani kuwakata wafungwa nywele. Mwaka wa mafuriko watu arobaini walilala kanisani kwake wiki nzima, na kwa kuwa hakuwa na blanketi za kuwatosha aliwafunika kwa mashuka ya saluni, yale ya kufunga shingoni. Asubuhi wote walionekana kama wanasubiri kunyolewa.

Tiya Consorcia ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa mwalimu wa katekisimu na mkuu wa akina mama wa rozari, na sanamu ya Bikira Maria ya maandamano ilitunzwa sebuleni kwake. Terio alipofika miaka kumi na mmoja, aliona uso wa sanamu umefifia, akaiba kalamu ya wanja ya mama yake mkubwa na kumrudishia Bikira nyusi zake. Kwenye maandamano watu wakasema mwaka huu Mama Maria amechangamka. Paroko akasifu. Tiya akaitazama sanamu, akaitazama kalamu yake iliyobaki kipande, akaitia mfukoni.

Kilichowagombanisha kilikuja baadaye. Terio akiwa na miaka ishirini na sita, alikwenda kwa Tiya na habari mbili kwa mpigo: kwamba anaanzisha kanisa lake, na kwamba Santo si rafiki tu. Tiya alizisikiliza zote mbili. "Hilo la pili nililijua kabla yako," akasema. "Mwanamume ningemzoea. Lakini Terio, Mprotestanti? Mimi nitawaambia nini akina mama wa rozari?"

Kwetu sisi shikamoo haitamkwi. Mdogo huinama, huchukua mkono wa mkubwa, na kuugusisha kwenye paji lake la uso. Hapo ndipo amepata baraka. Siku ile Terio aliinama ili aage, na Tiya akauficha mkono mgongoni.

Tangu hapo, kila Jumapili misa ikiisha, Terio alikuja kusimama langoni, shati limepigwa pasi, nywele zimepakwa mafuta. Tiya akitoka, anainama.

"Mama mkubwa, naomba mkono."

"Umelala," Tiya anasema, na mkono unazama kwenye mkoba.

Jumapili nyingine: "Umeenda sokoni." Au: "Una wageni." Wateja wangu walikuwa wanachelewesha bakuli zao makusudi ili wasikie leo mkono umepatwa na nini. Terio naye alicheka nasi, kisha akaketi kwenye benchi langu na kula uji bila kuuonja. Mimi nilimwona. Miaka kumi na minane ni mingi kuinama mbele ya mkoba.

Nikamwambia, "Acha, shoga yangu. Unajiaibisha."

"Hana mtoto mwingine, Nening. Nami sina mama mwingine. Nani aache?"

Ndipo nyusi zikaanza vituko. Tiya alikuwa amefikisha miaka sabini na tisa. Jumapili moja unyusi wa kushoto ulikuja umepanda juu ukamfanya aonekane ameshtuka. Wiki iliyofuata wa kulia uliteremka ukaelekea sikioni. Padri mgeni alimuuliza kama kuna lililomkera. Akina mama wa rozari waliangalia viatu vyao.

Ijumaa moja akanikuta nakoroga uji. "We Nening, kesho mpiga picha anakuja kwangu. Nataka picha ya kuwekwa kando ya jeneza langu."

"Tiya! Unaumwa?"

"Siumwi, najipanga. Sitaki wanichagulie ile ya kitambulisho. Niitie yule msusi."

"Msusi yupi?"

"Hapa kuna wangapi? Msusi nimesema. Mchungaji abaki hukohuko."

Nikakimbia na mwiko mkononi. Terio alikuwa anampaka mtu rangi ya nywele; alimwacha na kichwa cha povu.

Kesho yake nilikwenda nao, maana kukosa tukio kama lile ningejilaumu mpaka kufa. Santo alibaki nje kwenye bajaji kama kawaida yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Tiya aliketi kitini, amejifunika shali mpaka viganjani, na joto lile.

"Usiniombee," akasema.

"Siombi, mama mkubwa. Nimeshika kalamu. Fumba macho."

Alichora taratibu, ulimi nje kama alipokuwa mtoto. Hakuimba, nashukuru. Alipomaliza akampa kioo, lakini Tiya hakukipokea. Ilibidi nimshikie mimi. Akajitazama muda mrefu.

"Ni zilezile," akasema. "Ulizomchora Bikira."

Terio akaacha kufunga kalamu. "Ulijua?"

"Nani mwingine angeniibia wanja? Akina mama walitaka kuzifuta. Nikawaambia atakayemgusa atanitambua." Akajitazama tena kiooni. "Zilipendeza."

Kisha shali ikasogea na mkono ukatoka. Ulikuwa unatetemeka, vidole vyote, bila kupumzika. Nikaelewa zile nyusi. Terio naye akaelewa.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne, na sasa umezidi. Hasira ilishaisha kabla ya hapo. Lakini ningekutolea vipi mkono huu, mbele ya lango, watu wote na mabakuli yao? Ungeona, ungeacha wafungwa wako na maiti zako, uje unilishe kwa kijiko. Nakujua."

Terio akapiga magoti. Akautwaa mkono kwa mikono miwili, lakini haukutulia hata hapo. Ulimgonga kwenye paji la uso, ngo, ngo, ngo.

"Mama mkubwa," akasema, machozi yanamtiririka na anacheka, "unabisha hodi?"

"Nabisha. Nimechelewa kufika."

Mpiga picha akaweka kamera chini. Mimi nilikuwa nimekishika kioo kifuani, sioni chochote kwa machozi. Tiya peke yake ndiye aliyekuwa na macho makavu. Hakutaka kuharibu wanja. Aliangalia dirishani, kule bajaji ilikoegeshwa.

"Na yule wa nje," akasema, mkono bado uko hewani, "yeye hana paji la uso?"