Bwana Joto Alivyofungiwa na Kebo Zake

Mdogo wangu wanamwita Bwana Joto, na jina limemkaa. Nyumbani kwake usithubutu kutupa nguo juu ya waya wa friji, atakuja mbio utadhani umemwagia mtoto uji wa moto. Mkewe huniambia, "Wifi, mimi nimeolewa na mtu au na kipimajoto?" Tangu utotoni yuko hivyo hivyo: mdadisi, mbishi, halafu mpole kiasi kwamba ukimfokea unajisikia vibaya. Mimi humfokea tu.

Tunafanya kazi pamoja shirika la umeme, na kazi yake ni kupima kebo zinaweza kubeba mzigo wa umeme kiasi gani. Usione rahisi. Kebo ikibeba umeme hupata moto. Ikiwa nje, hewa huipoza. Lakini zetu, hizi za msongo wa kati, wenye nguvu kuliko wa majumbani, zinazolisha nusu ya mji, zimepangwa kwenye rafu ndani ya handaki lenye mlango mmoja wa chuma. Humo joto halina pa kwenda. Kebo inaichemsha jirani yake, jirani naye anarudisha, na hewa iliyo katikati inazidi kupanda. Ukipitiliza, ganda linalainika, kiungio cha kebo na kebo kinapasuka, na kikipasuka hakichagui nani yuko karibu.

Sasa kiwanda kipya kilitaka umeme zaidi, na mkubwa wetu wa kazi akataka jibu: tuongeze ampea ngapi? Bwana Joto akapiga hesabu, hakuridhika. Akasema lazima apime handaki lenyewe likiwa na mzigo, na vipimajoto alivyokuwa navyo ni vya kusomwa palepale kwa macho. Sheria yetu ni kwamba mtu akiwa ndani, mlango unabaki wazi. Lakini mlango ukiwa wazi unaingiza hewa ya nje, na kipimo kinadanganya. Basi mjuzi wetu akaona dawa ni moja tu, aingie afungiwe.

"Una wazimu?" nikamuuliza.

"Dada, nikipima mlango ukiwa wazi nitawapa namba ya uongo. Watu watakuja kufa kwa namba yangu."

"Na wewe je?"

"Kuna simu ya waya humo ndani. Nikiona mambo si mambo, nitakupigia."

Mkubwa akaridhia. Na zamu ya chumba cha swichi ilikuwa yangu, kwa hiyo mkono wa kupandisha mzigo ulikuwa huu huu. Yaani nimchemshe mdogo wangu mwenyewe! Niliogopa, sitasema uongo, niliogopa kuanzia mlinzi alipobana komeo kwa nje.

Mwanzoni alikuwa akitania. "Pandisha, dada. Humu kumeanza kuchangamka." Napandisha, anasoma, ananitajia joto la kila kebo. Baadaye utani ukakatika. Akawa anataja namba tu, kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Halafu akanitajia namba zilezile alizokwisha kunitajia.

"Hizo umeshasema," nikamwambia.

"Nimesema nini?"

Nikamwambia atoke. Akasema sawa, akakata simu. Nikasubiri mlinzi anijulishe kwamba katoka, kimya. Nikapiga simu ya ndani, inaita, inaita, haipokelewi. Nikampigia mlinzi.

"Mfungulie!"

"Mama, yeye mwenyewe kaniambia nisifungue mpaka agonge. Hata ukisema wewe."

"Kwani amegonga?"

"Hajagonga."

Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Vuta subira kidogo," akasema. "Joto linakaribia kutulia, tupate namba yetu. Ukikata sasa tunaanza upya, na nusu ya mji inalala giza." Nikamtazama, nikamwona midomo inamcheza. Na yeye alikuwa anaogopa, ila alikuwa anaogopa kitu kingine.

Nilikata. Swichi ikalia kishindo, taa zikazimika, na mimi nikawa nimeshatoka mbio, viatu nimeviacha huko huko. Njiani nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti kama kichaa. Kiungio kikipasuka ningekisikia, nikawa nautegea sikio mlio huo kila hatua.

Nilimsukuma mlinzi, nikavuta komeo. Joto likanipiga usoni, pumzi ikagoma kuingia. Bwana Joto alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Shati lake lilikuwa kavu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba hata jasho halikuwepo tena. Mimi na mlinzi tukamburuta hadi nje, tukammwagia maji kichwani, kifuani, kwapani, mpaka akafumbua macho vizuri na kuomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Nikamshika ukosi. "Kwa nini hukupokea simu? Unataka kuniua?"

"Niliisikia, dada," akasema polepole. "Hata niliishika. Nikawa najiuliza, hiki kitu ni cha nini."

Mkubwa alikuwa ameshafika, anahema. Hakuuliza namba.

"Na mlango je?" nikamuuliza mdogo wangu. "Ulikuwa umefika pale. Kwa nini hukugonga?"

Akageuka kutazama nyuma yake, pale mlango wa chuma ulipokuwa wazi, akatazama tena, akanirudishia macho.

"Mlango upi?"