Kiini Alichokianza Upya

Tarehe tisa Juni mwaka jana ilipotea kazi aliyoiacha mdogo wangu. Yeye mwenyewe tulikuwa tumemzika mwezi wa nne, nyumbani kwetu Misungwi.

Alikuwa na selimundu tangu utotoni. Alifika mwaka wa pili wa chuo akisomea kompyuta, maumivu yakamrudisha kwangu Buhongwa, na katika chumba cha nyuma akaanza kuandika kiini cha mfumo endeshi. Mimi niliishia darasa la saba na kazi yangu ni kushona nguo, kwa hiyo ninaeleza kama alivyonieleza. Kiini ndicho kinachoamka kwanza ukiwasha kompyuta, na ndicho kinachozigawia programu nyingine nafasi na zamu. Kikikosea, chini yake hakuna cha kukishika.

Alikiandika kwa lugha ya C. Ni lugha nyepesi, laptop yake ya mtumba iliiweza, na viini vingi vya zamani vimeandikwa kwayo. Lakini C haimzuii mtu. Ukiachia kipande cha kumbukumbu halafu ukakigusa tena, haisemi kitu. Utakuja kuona kompyuta imeganda, na kosa lenyewe liko mahali pengine kabisa. Kosa la namna hiyo alilitafuta masika nzima.

Rafiki yake wa chuo alikuwa akivuka na kivuko kutoka Kamanga kuja kumjulia hali. Yeye alipenda Rust, lugha ya juzijuzi, ambayo huyakagua makosa ya aina hiyo mapema na kukataa kazi mpaka uyaondoe.

"Mzee wa C, unaendesha basi bila breki," alimtania.

"La kwako lina breki tupu. Lini limetoka stendi?"

Mwaka jana ulipoanza, hospitali walituambia figo zake zimechoka. Hapo wale wawili wakabadilishana pande. Rafiki sasa ndiye aliyekuwa akitetea C.

"Umebakiza kidogo. Malizia, kiamke, ukione. Rust utaanzia sifuri."

"Nikishakiona?" mdogo wangu akasema. "Mitego yote ya hii C iko kichwani mwangu. Nisipokuwepo, atakayeigusa itamvunjikia mikononi. Rust itamkatalia kabla hajaharibu."

"Sasa unamwandikia nani?"

"Atakayekuja. Hata wewe, ukipunguza kelele."

Rafiki akanitazama mimi. Niliendelea kukunja nguo za watu.

Akaanza upya. Laptop ilichemka, bando liliisha kila mara kwa kupakua vitu, na siku nyingine vidole vilimuuma akaandika kwa mkono mmoja. Kazi hiyo hakuiweka mtandaoni. Alisema anaona aibu kuwaonyesha watu kitu kilicholala. Mwishoni mwa Machi aliniita. Kiini kipya kilikuwa kimeamka: kwenye kioo cheusi kulikuwa na mstari mmoja mweupe.

"Ndiyo hii tu?" nilimuuliza.

"Ndiyo hii tu, dada."

Alicheka. Kesho yake alilazwa, na hakurudi.

Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa aligawa vitu vyake kama tunavyofanya. Blanketi lilikwenda kwa shangazi, mashati kwa binamu zetu. Laptop alipewa kijana wa baba mkubwa anayesomea uhasibu. Rafiki akasimama.

"Shikamoo, mzee. Naomba kabla haijaondoka ninakili kazi yake."

"Marahaba. Mwanangu, kitu cha marehemu kikishagawiwa hakipekuliwi hapa. Ngoja msiba upoe, utaongea na mwenye nacho."

Hakusema kwa ubaya. Kwetu anayepekua siku ile huonekana amefuata mali. Rafiki akaketi.

Tulisubiri msiba upoe. Tarehe ile tisa Juni tukampigia simu mwenye laptop. Alisema alipoiwasha aliona maandishi matupu, akadhani imeharibika, akampelekea fundi mjini aipige window mpya. Fundi alifuta kila kitu. Kijana alipoelewa alichofanya alilia kwenye simu, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Rafiki alibakiwa na flash yenye ile ya C, ya zamani. Jumamosi iliyopita alikuja nayo na kompyuta yake, akaiwasha juu ya meza ninayokatia vitambaa. Iliamka, ikaandika mistari mingi kuliko ule mmoja niliouona, kisha ikaganda.

"Dada, niendelee na hii, au nianze ile aliyoitaka?"

"Hizo lugha mimi sizijui. Alichotaka ulikisikia mwenyewe."

Akafungua ukurasa mtupu. Akaandika Rust kidogo, akafuta, akaandika tena, akafuta.

"Sikumbuki alianzaje," alisema.

Alikuwa na kivuko cha kuwahi. Nikamsindikiza mpaka barabarani, bajaji ikaja akapanda.